Kamati nzima ndani ya laptopu moja

Jumapili usiku. Mvua haijakatika tangu asubuhi, kantini imefungwa mapema, na laptopu yangu imeganda mara tatu. Wadau, mnisamehe kwa ukimya. Mradi wa mwaka wa mwisho umenikaba shingo, zimebaki siku 11 tusimame mbele ya jopo. Leo sitalalamika sana, naomba niwape historia kidogo. Nimegundua kwamba nilichokuwa nakiita ubovu wa mashine yangu kina asili yake, na asili hiyo ina miaka zaidi ya 20.

Iko hivi. Kundi letu lina watu watatu. Tunachambua rekodi za mauzo za duka moja la jumla, kama mistari milioni 6 hivi. Mwenzetu mmoja akaja na wazo la kutumia Apache Druid, hifadhidata ya uchambuzi inayogawa kazi kwenye mashine nyingi. Sababu yake: wakubwa wanaitumia. Nikakabidhiwa kazi ya kuisimika kwa kuwa laptopu yangu ndiyo yenye memori kubwa kuliko zote, giga 8. Nikapakua, nikafungua kifurushi, nikahakikisha Java ipo, nikaandika bin/start-druid, nikatoka kwenda kununua chipsi. Kurudi, hata mshale wa kipanya hausogei. Feni inalia kama mashine ya kusaga.

Basi bwana, badala ya kuipiga kofi nikakaa kusoma ilitoka wapi.

Mwanzo wa yote ni Google. Mwaka 2003 walitoa andiko lililoeleza namna wanavyohifadhi mafaili kwenye mashine nyingi za bei ya kawaida. Mwaka 2004 wakatoa lingine, MapReduce, la namna ya kugawa hesabu kwenye mashine hizo. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mashine zitakufa, hilo halina mjadala, kwa hiyo programu ijengwe ikijua hivyo. Doug Cutting na Mike Cafarella, waliokuwa wakijenga mtambo wa kutafuta uitwao Nutch, wakayafanyia kazi mawazo hayo, na mwaka 2006 ikazaliwa Hadoop. Jina ni la mwanasesere wa tembo wa mtoto wa Cutting.

Sasa sikilizeni hili, maana wengi hulipita. Toka zamani Hadoop ilikuwa na namna tatu za kuendeshwa. Ya kwanza, kila kitu ndani ya programu moja. Ya tatu, mashine nyingi kweli kweli. Katikati kuna namna ya kuigiza: programu zote za klasta zinawashwa, kila moja peke yake, lakini kwenye mashine moja. Kwa hiyo hiki nilichokifanya hosteli wenzangu wamekifanya miaka nenda rudi. Ndivyo watu walivyojifunza klasta bila kuwa na klasta.

Hadoop ilikuwa na tatizo lake. Unauliza swali, unakwenda kunywa chai, unarudi, bado. Mwaka 2011 kampuni ya Metamarkets ya San Francisco ilikuwa na wateja wa matangazo ya mtandaoni waliotaka kubofya na kuona jibu pale pale. Walijaribu hifadhidata za kawaida, zikachelewa. Wakajaribu HBase kwa kupiga hesabu za majibu yote mapema, lakini kila ukiongeza kigezo kimoja, majibu ya kuandaa yanazaana kama panya. Wakaamua kujenga ya kwao. Eric Tschetter akaitangaza Aprili 2011, akizungumzia mistari bilioni moja kwa sekunde. Oktoba 2012 wakaitoa bure kwa umma. Jina Druid limetoka kwenye michezo ya kuigiza, kule ambako druid ni mhusika anayejigeuza umbo. Metamarkets yenyewe ilinunuliwa na Snap mwaka 2017, lakini mtoto alishaota miguu: Desemba 2019 Druid ikawa mradi kamili wa Apache.

Siri ya kasi yake ni mbili tatu. Data inakatwa vipande kwa muda, kwa hiyo swali la Januari haligusi vipande vya Februari. Ndani ya kipande, kila safu inakaa peke yake. Ukiuliza bei, haisomi jina la mteja. Halafu kuna faharasa inayojua bidhaa fulani ipo mistari ipi, bila kupekua yote.

Siri nyingine ni kamati. Druid ni kama kamati ya harusi. Broker anapokea swali, anawauliza wenye data, anajumlisha majibu. Historical anatunza vipande vilivyokamilika. MiddleManager anapokea data mpya na Overlord anampangia kazi. Coordinator anaamua kipande gani kikae kwa nani. Router ndiye mlinzi wa mlangoni, unamkuta bandari 8888. Juu yao kuna ZooKeeper, iliyoanzia Yahoo, inayowajulisha nani yuko hai. Na kuna hifadhidata ndogo ya kumbukumbu za kamati. Kwenye mashine moja huwa ni Derby.

Sasa kamati hiyo yote niliiketisha kwenye meza ya mtu mmoja, sinia moja. Ukiiwasha bila maelekezo, start-druid inajipimia hadi asilimia 80 ya memori yote ya mashine. Kwangu hiyo ni zaidi ya giga 6, na kivinjari kilikuwa wazi na kurasa zake ishirini. Itaacha kuganda? Nilipozima kila kitu na kuiambia -m 4g, ikasimama. Inakwenda polepole, ila inakwenda. Data yetu ikaingia, maswali yakajibiwa. Nilishangilia mpaka jamaa wa rumu akaamka kuuliza nani kafunga goli.

Ndipo ugomvi ulipoanza. Mwenzangu ameshaandika kwenye ripoti kwamba mfumo wetu "umesambazwa na unahimili kufa kwa mashine". Nikamwambia hapana. Akanijibu, "Kaka, jopo halitafungua laptopu yako."

Nikafanya jaribio. Nikaiua Historical makusudi. Maswali yakakosa majibu mpaka ilipoamka tena, maana hakuna Historical mwingine wa kushika nafasi. Kanuni ya kawaida ya Druid inataka kila kipande kiwe na nakala 2 kwa Historical wawili tofauti. Kwangu yuko mmoja tu. Ile akiba ya chini ambayo vipande huchotwa upya nayo iko ndani ya folda ya var, kwenye diski ile ile. Diski ikifa, kamati nzima inazikwa kaburi moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata ukikipa majina sita.

Halafu nikaenda mbele, na hapa ndipo niliponyamaza mwenyewe. Mwaka 2015 Frank McSherry na wenzake wawili walionyesha kwamba mifumo kadhaa ya kusambaza hesabu ilishindwa mbio na programu nzuri iliyotumia uzi mmoja wa kichakato. Mwaka 2019 ikatoka DuckDB kutoka kituo cha utafiti cha CWI, Amsterdam, hifadhidata ya uchambuzi isiyotaka seva wala kamati. Nikaijaribu kwa mistari yetu ile ile milioni 6. Ilijibu kabla sijainua kikombe.

Je, tumepoteza wiki tatu? Mimi nasema hapana, ila tuseme ukweli. Druid kwenye mashine moja inakufundisha viungo vya mwili: nani anaongea na nani, data inapita wapi, memori inaliwa na nani. Haikufundishi kifo cha mashine wala mtandao unaokatika, na hayo ndiyo yaliyoifanya izaliwe. Kwa data ya ukubwa wetu haikuhitajika. Siku duka litakapokuwa maduka elfu yanayomwaga mauzo kila sekunde, tutajua pa kuanzia.

Nimeifuta ile sentensi kwenye ripoti. Nimeweka jaribio la Historical na jibu la DuckDB, namba zote wazi. Mwenzangu hajajibu ujumbe wangu tangu jana jioni; anaogopa tutakatwa alama, na huenda tutakatwa. Kesho saa nne tunakwenda kwa msimamizi, naomba nimkute mlangoni tuingie wote watatu.

Umeme unapepesa. Ngoja nizime kamati vizuri kabla haijazimwa.