Vumbi la Nyotamkia na Mchanga wa Mto

Mchanga ulio hapa Bandari ya Juba haukuzaliwa hapa. Bahr el Jebel, jina la Nile Nyeupe katika sehemu hii, hupokea vijito vya milimani, na kila punje hubaki na alama ya mwamba ilikotoka. Kanuni hiyo hiyo hutusaidia kuisoma mbingu. Tarehe 2 Januari 2004 chombo cha angani cha Marekani, Stardust, kilipita karibu na nyotamkia Wild 2 na kunasa vumbi lake kwa aerojeli, dutu nyepesi mno. Shehena ilitua Utah tarehe 15 Januari 2006. Wengi walitarajia vumbi la nyota za kale lililohifadhiwa barafuni. Zikapatikana fuwele za olivini na pirokseni, na chembe za kalsiamu na alumini zilizoundwa kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi.

Huenda mtu akasema joto hilo lilitokana na mgongano wa vumbi na aerojeli. Ni kweli kwamba kishindo kiliyeyusha chembe laini, lakini fuwele kubwa zilisalimika, na oksijeni ya baadhi yake inafanana na ile ya chembe kongwe za vimondo. Wala hazikuokwa ndani ya nyotamkia yenyewe, kwani barafu yake isingebaki. Hitimisho linaloelekea zaidi ni moja: madini hayo yalizaliwa karibu na Jua changa, kisha yakasafirishwa hadi pembezoni kwenye baridi kali. Mfumo wetu wa Jua ulichanganyika tangu utoto wake, na punje ndogo ndiyo shahidi.