Pambano la Kwanza na Pambano la Pili

Mataifa mawili yanapogombea nafasi moja katika michezo, desturi ya siku nyingi ni kuyapambanisha mara mbili: mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Desturi hii ni ya haki, maana kila taifa hupata siku ya kushangiliwa na watu wake na siku ya kuzomewa na watu wa mwenziwe. Lakini kumbukumbu ya wanadamu haina haki ya namna hiyo. Hulishika pambano la mwisho, hulisahau la kwanza. Humtaja aliyevuna, humnyamazia aliyepanda. Kisa cha Tanzania na Zambia katika mwezi wa Agosti, 1979, ni mfano wa tabia hiyo. Mpira wenyewe ulichezwa Dar es Salaam na Ndola, lakini mahali pazuri pa kukitazama kisa hicho ni Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwa sababu Morogoro imo katika njia ya kutoka mji mmoja kwenda mwingine, na kila aliye njiani huonekana kwa wapitaji wengi na kukumbukwa na wachache.

Njia hiyo haikuwa ya kawaida. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia utawala wao Novemba 11, 1965, Zambia, nchi isiyo na bahari, ilijikuta imeshikwa koo. Mafuta yake na shaba yake vilitegemea njia za kusini. Ndipo macho yakageukia Dar es Salaam. Malori yakaanza kupita Morogoro na Mikumi kuelekea Iringa na Tunduma, katika barabara ya vumbi na matope ambayo baadaye ilitiwa lami. Katika mwaka 1968 bomba la mafuta la kilomita 1,710 lilifunguliwa kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, nalo likapita katika mkoa wa Morogoro. Reli ya Uhuru ikafuata, ikakata bonde la Kilombero kwa Ifakara na Mlimba, ikakabidhiwa kwa nchi mbili hizi mwaka 1976. Basi miji miwili iliyokuja kupambana kwa mpira ilikuwa ncha mbili za bomba moja. Mafuta yalikuwa yakitoka kwa mmoja kwenda kwa mwenziwe siku ile ile walipokuwa wakigombea nafasi isiyogawanyika.

Nafasi hiyo ilikuwa ya kwenda Lagos, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1980, ambazo timu zake zilikuwa nane tu. Zambia ilikuwa na jina kubwa. Ilikwisha kucheza mchezo wa mwisho wa kombe hilo mjini Cairo mwaka 1974, ikashindwa na Zaire baada ya kurudiana, na mwaka 1978 ilikuwamo tena katika fainali za Ghana. Tanzania haikuwa imewahi kukanyaga uwanja wa fainali hizo hata siku moja. Taifa Stars ilikwisha kuitoa Mauritius, lakini kuitoa Mauritius ni jambo moja na kuitoa Zambia ni jingine.

Wakati wenyewe pia ulikuwa mzito. Kampala ilikuwa imeanguka mwezi wa Aprili mwaka ule ule, na Tanzania ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera na deni na majeruhi. Zambia nayo ilikuwa ikishambuliwa na majeshi ya Rhodesia kwa sababu ya kuwahifadhi wapigania uhuru. Morogoro haikuwa mbali na mambo hayo. Huko Mazimbu, nje kidogo ya mji, wakimbizi wa Afrika Kusini walikuwa wakijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979. Kwa hiyo nchi mbili zilizoingia uwanjani zilikuwa nchi zilizochoka kwa ajili ya jambo moja. Mtu angeweza kuuliza kama ndugu wa namna hiyo wana haki ya kutamaniana kushindwa. Uwanja ulijibu kwamba wanayo. Undugu usioweza kustahimili dakika tisini za mashindano ni undugu wa maneno, na undugu huu ulistahimili dakika mia na themanini.

Pambano la kwanza lilichezwa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mcheza kwao hutunzwa, na Taifa Stars ilitunzwa kwa bao moja kwa sifuri. Bao moja ni akiba ndogo. Mtu akienda safari ya mbali na akiba hiyo hasifiwi, huombewa dua. Pambano la pili lilikuwa Ndola, katika uwanja uliokuwa ukiitwa kwa jina la Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa katika ajali ya ndege karibu na mji huo mwaka 1961. Katika kipindi cha kwanza Alex Chola aliifungia Zambia, na hesabu ya mapambano mawili ikawa sawasawa. Akiba ya Dar es Salaam ikaliwa yote. Zilipokuwa zimesalia dakika chache mpira kwisha, Peter Tino akasawazisha. Bao moja kwa moja. Mawili kwa moja kwa jumla. Haba na haba ikajaza kibaba, na Tanzania ikaenda Lagos.

Tangu siku hiyo jina la Tino limekuwa kama methali nchini, na si kwa kupewa asilostahili. Lakini tazama hesabu. Bao la Ndola lilileta sare. Lililoifanya sare hiyo kuwa ushindi ni bao la Dar es Salaam. Watu wengi wanaoweza kumtaja mfungaji wa Ndola hawawezi kumtaja yeyote aliyetoa jasho katika pambano la kwanza, wala walinzi waliozuia Zambia isipate hata bao moja siku ile. Historia inayohesabu nusu ya mabao ni nusu ya historia.

Morogoro inaijua hali hiyo kwa maisha yake yenyewe. Mto Ruvu, ambao maji yake hutoka katika milima ya Uluguru, huinywesha Dar es Salaam kwa sehemu kubwa, lakini anayefungua bomba jijini hataji mlima. Katika mpira ni vivyo hivyo. Tangu ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, ubingwa ulikuwa haujatoka Dar es Salaam, mpaka mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilipoutwaa, ikiwa timu ya kwanza ya nje ya jiji hilo kufanya hivyo. Miaka minne kabla ya Ndola, mji ambao wenyewe huuita kwa utani mji kasoro bahari ulikuwa umekwisha kuthibitisha kwamba ufundi wa mchezo haukai pwani peke yake. Baadaye kijana wa timu ya Tumbaku ya mji huo, Zamoyoni Mogella, alikwenda Simba akawa mshambuliaji wa kutajwa nchi nzima. Na katika miaka ya 1999 na 2000 Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari huko Turiani, ilitwaa ubingwa mara mbili mfululizo. Haya yote ni mapambano ya kwanza, yaani kazi ifanywayo mapema na mbali, ambayo sifa yake hupokelewa na wengine baadaye.

Huko Lagos, mwezi wa Machi, 1980, Taifa Stars ilifungwa na Nigeria mabao matatu kwa moja, ikafungwa na Misri mawili kwa moja, ikatoka sare ya moja kwa moja na Ivory Coast. Ilirudi nyumbani na pointi moja. Aliyedhani kwamba mlango uliofunguliwa Ndola utabaki wazi alikosea. Tanzania ilingoja miaka thelathini na tisa mpaka kucheza tena fainali hizo, huko Misri mwaka 2019, baada ya kuifunga Uganda mabao matatu kwa sifuri mwezi wa Machi mwaka huo. Katika miaka hiyo yote bao la Ndola lilisimuliwa kila mwaka. Kusimulia bao ni kazi rahisi. Kulima shamba lililolizaa, katika viwanja vya mikoa na shule zake, ni kazi ngumu, na haikufanywa kwa bidii ile ile.

Wawili katika kisa hiki wanastahili neno la mwisho. Alex Chola, aliyeifuta akiba ya Tanzania kule Ndola, alikuwa mwalimu msaidizi wa timu ya taifa ya Zambia ndege yake ilipoanguka baharini karibu na Gabon mwezi wa Aprili, 1993, akafa pamoja na vijana wake. Joel Bendera, ambaye jina lake la ualimu halitengani na safari ya Taifa Stars kwenda Lagos, aliingia bungeni, akawa naibu waziri aliyeshughulikia michezo, kisha mwaka 2011 akaletwa Morogoro kuwa Mkuu wa Mkoa. Hivyo mtu wa Ndola alikaa miaka kadhaa chini ya Uluguru, katikati ya njia ile ile ya malori na mafuta. Alifariki Desemba, 2017. Tanzania ilipofuzu kwa mara ya pili alikuwa amekwisha kuzikwa, mwaka mmoja na miezi michache kabla. Alilicheza pambano la kwanza. La pili walilicheza wengine, na ni juu ya wanaosoma na kuandika kuyahesabu yote mawili.