Vumbi kwenye Vyuma Si Ushahidi

Leo tuiache kompyuta kidogo, tuangalie kisafisha hewa cha nyumbani. Utajuaje kama kinafanya kazi? Huko Marekani swali hili lilifika hadi mahakamani.

Kampuni ya Sharper Image iliuza mtambo mrefu mwembamba uitwao Ionic Breeze. Haukuwa na feni. Ulizipa chembechembe za hewani chaji ya umeme, nazo zikanaswa na vyuma vilivyo ndani. Haukupiga kelele, na mwenye nyumba akivichomoa vile vyuma aliviona vimejaa uchafu. Nani angebisha?

Jarida la Consumer Reports lilibisha. Mwaka 2002, na tena 2003, liliuwasha ndani ya chumba kilichofungwa chenye moshi na vumbi, likapima chembe zilizobaki hewani. Tofauti ilikuwa ndogo mno.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na hapa naona jambo ninalolijua. Faili ya kumbukumbu ikijaa maandishi, hiyo inaonyesha programu inaandika, haionyeshi kwamba majibu yake ni sahihi. Uchafu kwenye vyuma nao unaonyesha kuna kilichonaswa. Hausemi kitu kuhusu hewa unayovuta.

Tena vumbi hutua lenyewe hata bila mashine. Kwa hiyo ni lazima upime mara mbili: mashine ikiwa imezimwa, halafu ikiwa imewashwa. Tofauti kati ya kasi hizo mbili ndiyo kazi halisi ya mashine. Hiyo ndiyo hesabu iliyo ndani ya kipimo cha CADR, kilichobuniwa na chama cha watengenezaji wa vifaa vya nyumbani cha Marekani miaka ya 1980. Hueleza mashine inatoa hewa safi kiasi gani kwa dakika.

Septemba 2003 Sharper Image ikawashtaki wachapishaji wa jarida, ikidai jaribio hilo halikuufaa mtambo wa polepole unaowashwa mchana na usiku. Novemba 2004 mahakama ya San Francisco iliitupa kesi: kampuni haikuonyesha kwamba ingeweza kuthibitisha kuwa matokeo yale ni ya uongo. Ikalipa dola 525,000 za gharama.

Mwaka 2005 jarida likaeleza kwamba mitambo ya aina hii ilitoa pia ozoni, gesi inayowasha mapafu. Sharper Image iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2008. California nayo ilipitisha sheria mwaka 2006, na kikomo cha ozoni kikawekwa sehemu 0.050 kwa milioni.

Siku hizi kipima chembe si kitu cha maabara peke yake. Ukikipata, funga chumba, choma udi kidogo, toka nje, uandike namba kila dakika tano mashine ikiwa imezimwa. Kesho yake rudia ikiwa imewashwa, udi uleule, chumba kilekile. Mistari miwili ikifanana, umenunua pambo.