"Yaya, Nimeshachelewa?" Historia Fupi ya Mtihani wa Kuingia Shule ya Baleti



Juzi, baada ya mazoezi ya ngoma, binti mmoja wa kundi letu alinivuta pembeni. Alishika simu ya mama yake, ile yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha video ya baleti, dansi ya kusimama kwenye ncha za vidole. Akaniuliza: "Yaya, niko na miaka 13. Eti wenzetu wanaanza wakiwa wadogo sana. Mimi nimeshachelewa?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba anipe siku chache nisome. Hiki ndicho nilichokipata.

Kwanza, hii dansi ni ya nani? Wengi tunasema ni ya watoto wa matajiri. Kweli, ilikulia kwenye majumba ya wafalme. Louis XIV wa Ufaransa alikuwa anacheza mwenyewe, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha dansi. Lakini tazama shule za Urusi, zile zinazosifiwa sana. Mwaka 1738, mjini St. Petersburg, mwalimu Mfaransa Jean-Baptiste Landé alianza na wasichana 12 na wavulana 12, watoto wa watumishi wa ikulu. Huko Moscow, mwaka 1773, masomo ya dansi yalianzia kwenye kituo cha yatima, na hapo ndipo ilipotokea shule ya Bolshoi. Yaani watoto wasio na wazazi ndio waliofungua njia. Mtu akikuambia baleti haiwahusu watu kama sisi, mkumbushe hilo.

Sasa mtihani wenyewe. Katika shule hizo, kwa desturi mtoto anaingia na miaka kama 10. Walimu hawamuulizi anajua nini. Wanatazama mwili: mgongo umenyooka, mguu unainuka mpaka wapi, nyonga zinafunguka kiasi gani, unyayo ukoje. Daktari anampima. Wanamwambia aruke, wanapiga muziki kuona kama anasikia mdundo. Kwa wakubwa kidogo, mtihani ni darasa zima: unashika upau wa ukutani, unakunja magoti polepole, unanyoosha mguu, halafu unaachia upau na kufanya katikati ya chumba, mwisho unaruka. Mara nyingi unabandikwa namba kifuani, na walimu wamekaa mezani wanaandika.

Namba kifuani, watu mezani wanaandika. Sisi tuliopita kwenye usajili na mahojiano, hali hiyo tunaijua.

Ndipo nikakutana na habari za Rudolf Nureyev. Alizaliwa mwaka 1938 ndani ya treni, mama yake akiwa safarini kumfuata mume wake askari. Alikulia mji wa Ufa, wakati wa vita, katika njaa ya kweli. Alivaa nguo za dada zake. Siku ya kwanza alipoona baleti, mama yake alikuwa na tiketi moja tu, wakaingia wote katika msongamano wa mlangoni. Tangu siku hiyo mtoto hakutaka kitu kingine. Baba hakukubali kabisa, na alimpiga.

Alijiandaaje? Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye faida kwetu. Alianza na ngoma za asili za kwao, shuleni. Halafu akampata mama mzee, Anna Udeltsova, ambaye zamani alicheza katika kundi maarufu la Diaghilev, na maisha yakamtupa Ufa. Huyo ndiye aliyemfundisha hatua za kwanza. Baadaye akapata nafasi ndogo kwenye ukumbi wa mji, akajifunza kwa kutazama wakubwa.

Mwaka 1955 akaenda Leningrad, kama St. Petersburg ilivyoitwa wakati huo, kufanya mtihani. Alikuwa na miaka 17. Wenzake wa umri huo walikuwa wamesoma miaka mingi tayari. Mwalimu aliyempima alimwambia wazi kwamba atakuja kuwa mchezaji mkubwa au atashindwa kabisa, na kushindwa ndiko kunakoelekea zaidi. Lakini walimpokea. Akasoma miaka 3 tu, mwaka 1958 akamaliza na kuingia kundi kubwa la Kirov.

Na habari haiishii hapo. Tarehe 16 Juni 1961, uwanja wa ndege wa Le Bourget, Paris, wakubwa wake walitaka kumrudisha Moscow. Akakimbilia kwa polisi wa Ufaransa, akaomba hifadhi. Akawa mtu kama sisi. Alipata uraia wa Austria mwaka 1982 tu, miaka zaidi ya 20 baadaye. Mama yake hakumuona tena uso kwa uso mpaka 1987, aliporuhusiwa kurudi kwa siku chache, na mama alikuwa mgonjwa sana. Dunia ilimpigia makofi miaka yote hiyo, lakini nyumbani palikuwa pamefungwa.

Wa pili ni dada yetu wa Afrika, Michaela DePrince, aliyezaliwa Sierra Leone mwaka 1995. Vita vilimfanya yatima. Kwenye kituo cha yatima watoto walipangwa kwa namba, yeye akawa namba 27, ya mwisho, kwa sababu ngozi yake ilikuwa na madoa meupe. Siku moja aliokota picha ya mchezaji wa baleti kwenye gazeti, akaitunza. Familia ya Marekani ikamlea. Akiwa na miaka 8 aliambiwa Marekani haiko tayari kwa msichana mweusi katika nafasi aliyoitaka. Hakuacha. Mwaka 2010 alishindana na kupata nafasi ya kusoma New York, na mwaka 2013 akaingia kundi la taifa la baleti la Uholanzi. Alifariki Septemba 2024, akiwa na miaka 29 tu. Namba 27 ya yatima na namba ya kifuani siku ya mashindano: mtu ni yule yule.

Basi mdogo wangu, jibu langu ni hili, na sitakudanganya. Kwa shule kubwa za kulala, miaka 13 bila mwalimu ni kuchelewa. Nureyev ni mmoja, na waliokataliwa ni wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Halafu hata ukifaulu, sisi bado tuna shida ya karatasi za kusafiri. Lakini kuchelewa kushindana si kuchelewa kujifunza. Usiache ngoma zetu, zinakupa masikio na miguu. Nyoosha mwili kila siku, taratibu, ukiwa umepasha misuli moto. Usisimame kwenye ncha za vidole bila mwalimu, utaharibu mifupa. Lala mapema, na usiruke chakula ili uwe mwembamba.

Na ninyi wakubwa wa mashirika: Ufa alikuwepo mama mzee aliyejua. Hapa kambini pia kuna watu wanaojua vitu na hakuna anayewauliza. Tuwatafute. Chumba kimoja chenye sakafu laini na upau ukutani si kitu kikubwa, ila huyu binti angekuwa na pa kuanzia.

Jumamosi tuna mazoezi kama kawaida. Ameshasema atakuja.