Kiraka cha damu: maana, matumizi na madhara yake

kiraka cha damu nm (wingi: viraka vya damu, ngeli ya KI-VI). Tiba ambayo damu ya mgonjwa mwenyewe, mara nyingi mililita 20 hivi, hutolewa mkononi na kudungwa mgongoni, nje ya utando unaohifadhi maji ya uti wa mgongo, ili igande na kuziba tundu la utando huo.

Asili. Tundu hilo huachwa na sindano, kama ile ya ganzi apewayo mama anayejifungua kwa upasuaji. Maji yakivuja, kichwa humuuma mgonjwa aketipo au asimamapo, na hupata nafuu alalapo. Daktari Mjerumani August Bier aliyapata maumivu hayo mwaka 1898 baada ya kuchomwa sindano hiyo katika majaribio yake. Tiba ya kiraka iliripotiwa na James Gormley wa Marekani mwaka 1960.

Matumizi. Kiraka ni neno la fundi cherehani na fundi baiskeli, na picha yake hueleweka upesi. Hata hivyo, mfasiri aeleze kwamba hapa hakuna kinachoshonwa wala kubandikwa.

Athari au madhara? Athari huweza kuwa njema au mbaya. Madhara ni mabaya daima. Katika fomu ya ridhaa, andika *madhara*, kisha uyagawe. Ya kawaida ni maumivu ya mgongo ya siku chache, na kichwa kurudia kuuma hata kiraka kikahitajika tena. Ya nadra ni kutobolewa utando kwa mara nyingine, maambukizi, na bonge la damu linaloibana mishipa ya fahamu. Kuyaorodhesha yote kwa uzito mmoja humtisha msomaji bila kumwongoza.

Tahadhari: "uti wa mgongo". Kiunoni na shingoni ni mifupa. Katika mazungumzo ya kila siku, "ana uti wa mgongo" humaanisha ana *homa* ya uti wa mgongo. Mama wa Kang'ata, wilayani Handeni, ambaye huenda lugha yake ya kwanza ni Kizigua, akiambiwa "tatizo lako ni la uti wa mgongo", aweza kudhani ameugua homa hiyo. Kwa kuwa homa hiyo nayo ni mojawapo ya madhara ya nadra ya tiba hii, neno *homa* lisiachwe inapokusudiwa, wala lisidokezwe isipokusudiwa. Kwa kisa cha kuvuja, sema *maji ya uti wa mgongo yanavuja*.

Tahadhari: "ganzi". Ganzi ni dawa. Pia ni hali ya kutohisi. Kwa dalili ya hatari, tumia *kufa ganzi*.

Mifano.
*Aliwekewa kiraka cha damu, kichwa kikaacha kumuuma.*
*Ukipata homa, shingo ikikakamaa, miguu ikifa ganzi au kulegea, au ukishindwa kuzuia mkojo, rudi hospitali mara moja.*

Sentensi hii ya mwisho ndiyo isiyostahimili utata: mgonjwa huisoma akiwa nyumbani, mbali na wa kumuuliza.