pukutika, mpukutiko (wa seli)

pukutika kt [sie] 1. (kwa majani, maua, nywele) dondoka moja baada ya jingine bila kuchumwa: *Mibuyu ya Kongwa hupukutika majani wakati wa kiangazi, nayo huwa ingali hai.* 2. (bayolojia, kwa seli) kufa kwa utaratibu, kwa kufuata ishara zilizomo ndani ya seli yenyewe. Nm: mpukutiko (ngeli ya U-I). Kutendesha: pukutisha.

Matumizi. Maana ya pili ingali ikigombaniwa. Wapo wafasiri waandikao *apoptosisi*, na wapo waandikao *kujiua kwa seli*. Istilahi hiyo ya kwanza ilitangazwa mwaka 1972 na Kerr, Wyllie na Currie, kutokana na neno la Kigiriki lihusulo kudondoka kwa majani. Kwa hiyo *mpukutiko* unabeba taswira ileile, tena kwa neno ambalo mwanafunzi analijua kabla ya kufungua kitabu cha bayolojia. *Kujiua* nalikataa: lina nia ndani yake, wala halifai kupelekwa mbele ya familia inayouguza.

Tofauti hudhihirika katika kiharusi kitokanacho na kuziba kwa mshipa wa damu. Katikati ya eneo lililokosa damu, seli huishiwa nguvu, huvimba na kupasuka upesi, zikizidhuru seli za jirani. Hiyo ni *nekrosisi*, si mpukutiko. Pembezoni, damu hupungua bila kukatika kabisa, na seli hupokea ishara zinazopingana: protini ya Bcl-2 huzihifadhi, Bax hutoboa utando wa nje wa mitokondria, kisha vimeng’enya viitwavyo kaspesi huzipukutisha kwa muda wa saa nyingi, hata siku. Damu ikirudi mapema, nyingi huokoka.

Ndiyo maana sentensi *Seli za ubongo zimekufa*, niliyowahi kuikuta katika kipeperushi kimoja, ina madhara. Kiambishi *-me-* kinafunga mlango. Msomaji aliyeko kijijini Kongwa, akipima safari ya kumfikisha mgonjwa hospitalini Dodoma mjini, ataona haraka haina faida, ilhali dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Iandikwe: *Baadhi ya seli zimekufa, nyingine zinaendelea kufa, na zinaweza kuokolewa.* Katika matini ya kitaalamu, *zinaendelea kupukutika*.

Taz. kiharusi, nekrosisi, seli.