Juu ya Kukatia Bima Nyumba ya Mungu Katika Mwambao wa Nyasa

Makanisa ya kwanza ya mwambao huu wetu yalikuwa ya miti na nyasi. Yakiungua, Wakristo walikwenda tena porini kukata miti, wakajenga. Hasara ilikuwa jasho, nalo lilikuwa la wote. Lakini tangu yajengwe kwa matofali na mabati, moto mmoja hula akiba ya miaka mingi. Wazee wetu katika nchi ya Ruvuma waliliona jambo hili mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misioni ya Peramiho ilipochomwa moto. (Nayo hasara ya vita, hata leo, haimo katika bima ya moto ya kawaida.)

Huko Uingereza, baada ya London kuteketea mwaka 1666 pamoja na kanisa kuu la St Paul's, watu walianza kuuza bima ya moto. Na mwaka 1887 ikaanzishwa kampuni kwa ajili ya makanisa hasa. Kwetu Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963.

Basi, ni juu ya nani kulikatia bima kanisa la Ngumbo? Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Kiwanja na jengo kwa kawaida huandikwa kwa jina la Wadhamini wa dayosisi, wala si la parokia. Kwa hiyo yapasa hati ya bima iwataje wao. Lakini wajuao kwamba mwera umeng'oa bati, au panya wametafuna waya wa umeme, ni wazee wa kanisa walio papa hapa. Wasipotoa habari, kampuni yaweza kukataa kulipa.

Tena twapenda mno ada ndogo. Kanisa la thamani ya shilingi 40,000,000 likikatiwa bima ya 20,000,000, kisha moto ukaharibu vitu vya 10,000,000, hatutapata zaidi ya 5,000,000. Maana huhesabiwa kwamba nusu ya hatari tumeibeba wenyewe. Tumewasikia watu wakinung'unika kwamba wamedhulumiwa, kumbe hati hawakuisoma.

Mlinzi alipwaye mshahara naye asisahauliwe: mchango wake ni wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015.

Kwa hiyo twawaomba walimu, wenye mwandiko mzuri, waandike katika daftari kengele, mabenchi, vyombo vya altare na bei zake, na nakala moja ikae mbali na kanisa.